Wembe Mmoja, Nyumba Moja: Maisha ya Philomena Tluway wa Bashay (1962–2025)

Yanasomwa na mdogo wake, Baltazar Tluway, nyumbani kwa marehemu, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025

Marehemu Philomena Tluway alikuwa mwoga. Familia ilibishana sana juu ya neno hili. Wengine walisema msibani hatusemi hivyo, andika "mpole", andika "mcha Mungu". Lakini marehemu mwenyewe aliagiza mbele ya mashahidi, wiki chache kabla hajafa: "Msije mkanisifia ujasiri kaburini. Watu wananijua, watacheka." Basi limesomwa la kwanza kama alivyotaka.

Tena neno lenyewe linafaa leo. Wengi mmesimama mbali na jeneza, wengine mpaka kule kwenye uzio wa minyaa, na chai imepoa kwenye mabirika kwa sababu imepikwa katika jiko la marehemu. Jana akina mama wa jumuiya walikuja kumwosha, wakasimama mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake aingie kwanza. Asione mtu haya. Aliyekufa alikuwa mwoga, na waliokuja kumzika wanaogopa. Hata mikono inayoshika karatasi hii haijatulia.

Philomena alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 katika kata ya Daudi, hapa Mbulu, mtoto wa nne wa Mzee Tluway na Mama Marieta, ambao wote wametangulia mbele za haki. Siku hiyo mvua ya mawe ililaza maharage yote ya shamba la juu, na Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni akiwa ameshatishwa. Ndivyo alivyokua. Aliogopa radi, aliogopa chura, aliogopa beberu wa jirani, aliogopa kuvuka mto hata ukiwa umekauka umebaki mawe. Kaka zake wakitaka kula viazi vyake walimwambia tu kwamba wameona fisi nyuma ya zizi, naye aliacha sahani akakimbilia ndani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule ya msingi ya hapo kijijini, akamaliza la saba mwaka 1976. Hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akiwa darasa la tatu walikuja watu wa sindano na Landrova yao. Philomena aliruka dirisha la darasa, yeye ambaye hakuwahi kuruka hata mfereji, akakimbia mpaka nyumbani na kujifukia ndani ya kihenge cha mahindi. Walimtafuta mpaka ng'ombe wakarudi machungani. Kilichomtoa ni chafya. Alitoka mweupe kwa vumbi kuanzia unyweleni mpaka kucha, na Mama alimchapa kidogo na kucheka sana. Sindano ile haikuwa ya ugonjwa huu uliomuua. Chanjo ya homa ya ini ilikuwa bado haijafika kwetu. Lakini kisa hicho alikipenda, na uzeeni alimsimulia kila nesi aliyemshika mkono.

Sasa inabidi kueleza jambo moja la ukoo wetu, kwa ajili ya wageni. Kwetu, kaburi likishafunikwa, watu wa nyumba iliyofiwa wanakaa chini kwa mstari na kunyolewa nywele zote kwa wembe mmoja. Mjane anatangulia. Anafuata kitinda mimba, halafu watoto wengine wanapanda kwa umri mpaka kifungua mimba, kisha ndugu. Wembe haubadilishwi. Wazee walituambia damu ni moja na wembe ni mmoja, na atakayenyolewa kwa wembe wa peke yake ametolewa kwenye nyumba. Si maneno ya kutishia watoto. Zamani kidogo, binamu yetu mmoja aliyegombana na baba yake mpaka mzee akafa hawajapatana, alipewa wembe wake mbele za watu. Aliinuka akiwa amenyolewa nusu kichwa, akaenda zake Babati, na hata leo hakuja.

Mnyoaji wa ukoo alikuwa bibi yetu mzaa baba. Macho yalipomwishia, kila mtu alidhani atamrithisha mjukuu mmoja shupavu aliyekuwa akichinja kondoo bila kukunja uso. Bibi akamchagua Philomena, msichana wa miaka kumi na tisa. Watu walipouliza, alijibu: "Mtu jasiri anakata ngozi. Huyu anaogopa damu, mkono wake utakwenda taratibu." Na kweli ulikwenda taratibu. Alinyoa akiwa amebana pumzi, na waliopitia mikononi mwake wanasema ilikuwa kama kupapaswa.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Yonas Gidahosh, kijana wa Hanang, upande wa Katesh, aliyekuwa amekuja Bashay kulima vitunguu saumu. Walikutana mnadani Dongobesh. Dume lilikata kamba, watu wakatawanyika, na Philomena alipanda juu ya magunia ya vitunguu ya Yonas na kukataa kushuka hata baada ya dume kufungwa tena. Yonas alikuwa akisema hakumtongoza mke wake, alimteremsha. Mungu aliwajalia watoto wanne: Tluway, Marieta, Adamu na Brightness, aliyezaliwa mwaka 1996.

Kazi yake ilikuwa jembe. Alilima mahindi, maharage na vitunguu saumu, alifuga kondoo na ng'ombe wachache wa maziwa. Vidole vyake vilinukia vitunguu hata akipokea Komunyo. Kwa miaka karibu arobaini alinyoa misiba ya pande zote mbili, ya kwao Daudi na ya wakwe zake mpaka Hanang, na shukrani yake ilikuwa kibuyu cha maziwa au mguu wa kondoo. Alikwenda hata kukiwa na matope ya kufika magotini. Radi ikipiga njiani alisimama, akasali, akaendelea.

Mumewe alifariki tarehe 2 Juni 2019. Macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, na watu wenye midomo wakasema amerogwa na mshindani wa biashara huko Katesh. Hatukumpima. Tulizunguka naye kwa waganga mpaka nguvu zikamwishia. Siku ya mazishi mjane alijinyoa mwenyewe kwanza, kama desturi inavyotaka, machozi yakimziba macho. Kisha wembe uleule ukaenda kichwani kwa kitinda mimba, Brightness, na baada yake wengine. Siku ile alijikata, juu ya sikio la kushoto. Alikumbuka mkato huo baadaye, na haukumtoka tena akilini.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Brightness alipata mtoto wa kike, Raya, lakini kifafa cha mimba kilikuwa kimeziharibu figo zake. Tangu Aprili mwaka huo anasafishwa damu kwa mashine kule hospitali ya Haydom, mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Leo ni Alhamisi. Alikwenda jana ili aweze kuwepo hapa. Mumewe alikubali arudi Bashay kwa mama yake ili apate wa kumwuguza. Kabla ya kuwekwa kwenye mashine alipimwa magonjwa yote, na hakuwa na virusi vya homa ya ini. Wembe wa mwaka 2019 ulikuwa umempita, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kumpita.

Julai 2024 chanjo ya homa ya ini ilianza kutolewa kwa gharama ya serikali kwa wagonjwa wanaosafishwa damu. Nesi Jenifa, ambaye yuko nasi hapa, aliwaita wagonjwa wake na kuwaambia waje pia na watu wanaoishi nao nyumba moja, wapimwe. Asiye na virusi achanjwe, mwenye navyo atibiwe. Marehemu alipanda basi la Haydom na binti yake, akiwa amefumba macho njia nzima kwa sababu ya makorongo. Alipoona sindano alimsimulia Jenifa habari ya kihenge. Jenifa alicheka. Majibu yalipotoka, hakucheka tena.

"Mama, una virusi vya homa ya ini aina ya B. Inaelekea unavyo miaka mingi, na ini limeshaumia."

Marehemu aliuliza swali moja tu. "Nimempa Brightness?"

"Hapana. Leo tumempima tena. Hana."

"Basi nichomeni na mimi hiyo chanjo, niache kumpa."

"Chanjo ni mlango, mama. Kwako mwizi ameshaingia ndani. Wewe utameza vidonge. Mlango tunaufunga kwa Brightness."

Jenifa akamweleza yote, na hapo ndipo woga wa maisha yote ulipopata kazi yake. Alisema kirusi hiki kinapita kwenye damu, hata tone usiloliona, na wembe unalibeba vizuri. Akaeleza kwamba mashine za pale ni za wasio na virusi. Brightness akiambukizwa hataruhusiwa kuzitumia, na mashine ya wenye virusi iko mji wa mbali, safari ambayo mtu wa figo hawezi kuifanya mara mbili kila wiki. Tena mwili wa mtu wa figo ni mzito kuipokea chanjo. Anachomwa dozi mara mbili ya wengine, mizunguko minne, kisha anapimwa kama kinga imeshika, na wapo ambao haishiki. "Kwa hiyo bado yuko wazi?" marehemu aliuliza. Jenifa hakumficha. Alisema bado.

Nyumbani marehemu alitenga vitu. Alijitengea kikombe, sahani, kijiko, beseni, akalala chumba cha nje. Alifanya kama wazee wa huku walivyofanya zamani kwa mtu aliyepatwa na nuksi, ila yeye alijitenga mwenyewe. Aliacha kumshika Brightness. Mtoto Raya akimkimbilia alimrudisha kwa fimbo, ingawa Jenifa alimweleza mara nyingi kwamba Raya alichanjwa uchangani kama watoto wote, na kwamba katika nyumba ile huyo wa kunyonya kidole ndiye pekee aliyekuwa salama. Alielezwa pia kwamba kikombe hakiambukizi, wala sahani, wala kukumbatia. Alisikia na kuitikia, kisha akaosha kikombe chake kivyake. Woga hausikilizi nesi.

Aliyemweza kidogo ni rafiki yake wa mnadani, Bi Shamsia wa Dongobesh, anayeuza vitenge. Alifika siku moja, akakuta chai imewekwa pande mbili.

"Hiki cha maua cha nani?"

"Changu. Usikiguse, Shamsia, nina ugonjwa."

Bi Shamsia akakichukua, akanywa mpaka makapi ya majani ya chai. "Nimemwuliza nesi wako kwa simu kabla sijaja. Amesema chai ni chai. Sasa nimiminie nyingine, hii ulitia sukari kwa woga." Marehemu alilia. Kuanzia siku hiyo alikunywa na Shamsia, lakini kwa Brightness bado hakuthubutu, na Brightness alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha chumba cha nje, mama ndani, binti mlangoni, wakichambua maharage kwenye ungo mmoja uliowekwa katikati.

Januari 2025 alifariki mke wa Mzee Hhando Gidahosh, kaka mkubwa wa marehemu Yonas. Mzee Hhando yuko hapa na ameruhusu haya yasomwe. Ukoo wote ulikusanyika Hanang. Baada ya mazishi watu walikaa chini kwa mstari, mnyoaji akaitwa, akaletewa maji, sabuni na wembe mmoja. Aliushika ule wembe, akauangalia, kisha akauweka chini kwenye majani.

"Shemeji, leo sinyoi kwa wembe mmoja," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mpaka wa nyuma wakauliza amesema nini. "Mimi ni mgonjwa, na inawezekana wengine humu ni wagonjwa na hawajui. Kila mtu apewe wake."

Mzee Hhando aliinuka. "Mke wangu hata hajapoa, unataka kuigawa nyumba yangu?"

"Siigawi. Naogopa."

"Wewe ni lini hukuogopa! Mbona miaka yote umenyoa?"

Akapatikana mnyoaji mwingine, mtu wa haraka, na wembe mmoja ukaanza safari yake. Ilipofika zamu ya wapwa na wakwe, Brightness aliitwa. Msichana aliinuka. Hakutaka mama yake adharauliwe tena, na hakutaka kutolewa kwenye nyumba kama yule binamu wa Babati. Alikuwa ameshapiga magoti marehemu alipojitupa kati yake na mnyoaji, akamfunika kichwa kwa kanga. Miezi sita hakuwa amemgusa mwanawe. "Huyu hanyolewi," alisema.

"Basi si wa nyumba yangu," akasema Mzee Hhando.

Waliondoka Hanang na nywele zao. Njiani marehemu alimwuliza Brightness mara kwa mara kama ule wembe ulimgusa, akamkagua kichwa kizima kwa vidole vya vitunguu, unywele kwa unywele. Haukuwa umemgusa.

Machi mwaka huu, baada ya mizunguko minne, Brightness alipimwa kinga. Haikushika. Jenifa anasema katika kazi yake hajawahi kutoa jibu kwa shida kama hilo, kwa sababu mama alikuwa amekaa pale na rozari, amevaa nguo ya kanisani. "Tunaanza upya," Jenifa aliwaambia. "Dozi nyingine nne, bado ni za serikali, hamna mtakachodaiwa." Zilianza Aprili, zikafuata za Mei na Juni, na ya mwisho ilipangwa Oktoba. Mwezi huohuo wa Aprili marehemu aliambiwa kwamba ndani ya ini lake kuna saratani. Vidonge alivimeza bila kukosa, lakini vilikuwa vimemkuta mbali. Alimwomba daktari kitu kimoja, afike Oktoba.

Akaanza kuvimba tumbo, macho yakawa manjano kama ya mumewe, na hapo sisi wote tulioyaona ya mwaka 2019 tukaelewa, tukaogopa. Majirani wakapunguza kupita. Septemba, mchana mmoja wa jua kali, Mzee Hhando alifika Bashay. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti kilekile cha Brightness, akazungusha kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji," marehemu alimwamkia kutoka kitandani.

"Marahaba." Akakaa mpaka kuku wakamzoea. "Shemeji, ndugu yangu alikufa hivihivi. Na wembe wa msiba wa baba yetu ulipita kichwani kwake, kisha kwangu mimi. Naogopa kupima."

Marehemu alicheka. Walioko nje waliacha walichokuwa wakifanya, kwa maana hawakuwa wamemsikia akicheka tangu masika. "Karibu kwetu, Mzee," alisema. "Huku ndiko ninakoishi."

Jumatatu iliyofuata watu watatu walipanda basi la Haydom: binti wa mashine, mama mwenye tumbo lililojaa maji, na mzee wa miaka sabini na minne aliyetaka kushuka kila kituo. Zamu ya mzee ilipofika, yule mtoto wa kihenge alimshika mkono na kumwambia atazame ukutani, kuna picha ya maua. Majibu ya Mzee Hhando ni yake mwenyewe. Lakini walipokuwa wakisubiri basi la kurudi, marehemu alimwomba jambo, na mzee akakubali.

Tarehe 13 Oktoba 2025, Jumatatu, ilikuwa siku ya mashine na siku ya dozi ya mwisho. Usiku wa kuamkia siku hiyo hali ya marehemu ilikuwa imebadilika, na asubuhi kila mtu nyumbani aliona. Brightness alikuwa amevaa, kisha akavua koti.

"Mama, leo siendi."

"Leo ni sindano ya nne."

"Watanichoma siku nyingine."

"Na mashine nayo utaiambia isubiri? Maji yakikujaa mapafuni nani atakutoa? Vaa koti."

"Mama, hutanikuta. Unajua hutanikuta."

Marehemu angeweza kumdanganya, mama wengi wangedanganya. "Najua," alisema. "Naogopa sana, Brightness. Naogopa kuliko siku zote. Nenda."

Akamwita aingie ndani ya kizingiti. Aliomba chai, akanywa kidogo katika kikombe cha maua, akampa Brightness amalizie. Brightness akamaliza. Kisha honi ikalia barabarani.

Zimesikika sauti msibani hapa, na waliosema wanajijua: binti gani huyu, mama yake anakata roho yeye anapanda basi. Familia inajibu leo kwa mdomo mmoja. Alitumwa. Aliyemtuma aliogopa kukaa peke yake hata mvua ikinyesha, na siku ile alikubali kuagana na mtoto aliyempenda kuliko wote, ili mlango ufungwe. Mwenye neno lingine aseme sasa, tungali wote.

Baada ya basi kuondoka alimgeukia mdogo wake na kusema, "Nishike mkono, usiniachie mpaka nitulie." Alishikwa. Kila mlango ulipogonga alishtuka. Saa sita na robo mchana alitulia. Wakati huo Brightness alikuwa kwenye mashine, na dozi ya nne ilikuwa imeshaingia, mikono yote miwili. Jenifa alipigiwa simu, akasubiri mpaka alipomfungua ndipo akamwambia. Na ni Jenifa huyo aliyekuja jana jioni, akawapa akina mama glavu, akaingia wa kwanza, nao wakamfuata. Marehemu aliogeshwa na mikono mingi.

Kwa kawaida tunataja walioachwa kuanzia juu. Leo tunaanzia chini. Marehemu ameacha Brightness, ambaye majibu ya kinga yake bado. Atapimwa mwishoni mwa Novemba, na mpaka siku hiyo tutakuwa tunaogopa pamoja naye. Ameacha Adamu na Marieta, ambao wamepima na wameanza kuchanjwa. Ameacha Tluway, kifungua mimba, ambaye hajapima. Yuko pale karibu na tenki la maji, na anajua kwa nini jina lake limesomwa polepole. Ameacha wajukuu sita, wadogo zake watatu, shemeji yake Mzee Hhando, na rafiki yake Bi Shamsia, ambaye ndiye peke yake tangu asubuhi aliyekunywa chai ya nyumba hii, vikombe viwili.

Tukishafunika kaburi tutakaa chini kwa mstari kama kawaida yetu. Kwenye sinia lile lenye kitambaa cheupe kuna nyembe mpya, kila mmoja kwenye karatasi yake, za kutosha nyumba nzima. Marehemu alizichagua mwenyewe na Bi Shamsia. Hilo ndilo aliloliomba kituoni Haydom: asipewe mmoja wembe wake, bali wote, ili hata mmoja asiwe ametolewa. Mzee Hhando atakuwa wa kwanza kuchukua. Wa pili ni Brightness, mtoto wa nyumba hii na wa nyumba yake. Mzee amesema maneno hayo yaandikwe, na yameandikwa.

Mnyoaji hatuna bado. Hakutaja wa kumrithi. Kwa hiyo, kati yetu sote tuliosimama hapa na kule kwenye minyaa, yule ambaye mikono yake inatetemeka kuliko ya wengine asogee mbele. Huyo ndiye Bibi angemchagua.

Ee Mungu, mpokee Philomena, mwoga wetu. Mshike mkono, usimwachie mpaka atulie.